SOMO: Ukisaga bismuthi teluraidi, umeme wake hubadilika (soma kabla ya kuniuliza)

Bismuthi teluraidi ni kitu kinachogeuza tofauti ya joto kuwa umeme. Haipiti wiki bila mtu kuniandikia: "Nimesaga kipande, vipimo vimegeuka, nimeharibu wapi?" Naandika leo, kesho nitakuwa naelekeza watu hapa tu.

1. Pima kabla ya kusaga. Pasha upande mmoja wa kipande, kisha weka ncha chanya ya mita ya volti upande wa moto, hasi upande wa baridi. Ikisoma chanya, wabebaji ni elektroni, yaani aina ya n. Ikisoma hasi, ni matundu (nafasi zilizokosa elektroni, zinazobeba chaji chanya), aina ya p. Andika.

2. Ponda kwa mkono mpaka ufanane na mchanga.

3. Saga kwa kinu cha gololi. Hapa ndipo nilipoumia. Kipande changu kilikuwa kimeyeyushwa kwa uwiano kamili, bismuthi 2 kwa teluri 3, na kilikuwa aina ya p, kama kawaida yake: atomi chache za bismuthi hukalia viti vya teluri (nafasi za atomi za teluri ndani ya fuwele) na kuzalisha matundu. Nikasaga, nikashindilia, nikapima, alama imegeuka! Siku mbili nabadilisha waya na kuilaumu mita ya watu. Kumbe mita ilikuwa inasema kweli. Gololi zikigonga, tabaka za atomi huteleza vibaya na kuacha viti vitupu vya bismuthi na vya teluri. Zile bismuthi zilizokalia viti vya wenzao hupata nafasi ya kurudi kwao, na viti vya teluri zinavyoviacha hubaki vitupu. Kiti kitupu cha teluri hutoa elektroni. Kwa hiyo unapigwa pande mbili: matundu yanapungua, elektroni zinaongezeka.

ONYO: usifungue chombo hewani. Unga laini hunasa oksijeni upesi, nayo huzidisha elektroni. Tumia boksi lililofungwa lenye gesi ya argoni.
ONYO: gololi za chuma humomonyoka, na chuma hicho kinaingia kwenye unga wako.
ONYO: usinakili muda wa kinu cha mtu. Kasi na uzito wa gololi havifanani.

4. Shindilia kwa joto, chini kabisa ya nyuzi 585 maana hapo inayeyuka. Hakikisha msongamano umekaribia gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo. Vitobo vya hewa navyo hupunguza upitishaji, usije ukasingizia kasoro za atomi.

5. Oka ndani ya neli iliyotolewa hewa. Sehemu ya kasoro hupona.

6. Pima tena.

MASWALI

Kipepeo_9: Mkuu, nisage saa ngapi?
— Hatua ya 3, onyo la mwisho.

Kipepeo_9: Nimeliona, naomba makadirio tu.
— Hata kinu chako hujakitaja. Nikadirie nini?

Mdadisi: Mwalimu, samahani. Upitishaji umeme nimepima kwa kulala kwa kisahani, upitishaji joto nimepima kwa kupenya unene wake. Ufanisi wa kugeuza joto kuwa umeme umetoka juu mno. Nishangilie?
— Subiri kwanza, na ahsante kwa kueleza ulivyopima, wengi hawasemi. Bismuthi teluraidi ni tabaka tabaka, na ukishindilia, punje (fuwele ndogo ndogo) nyingi hulala. Katika aina ya n, umeme hupita kufuata tabaka mara 4 hivi au zaidi kuliko kuzikata, joto mara 2 hivi. Umechukua umeme wa upande mzuri na joto la upande mbaya. Kata kipande kingine, upime vyote mwelekeo mmoja.

Tumbili: Sasa kama kusaga kunaharibu, mnasaga ya nini?
— Nani kasema kunaharibu? Punje ndogo huzuia mitetemo inayobeba joto. Mwaka 2008 mtafiti Poudel na wenzake walisaga aina ya p yenye antimoni, wakafikia ZT (kipimo cha ubora wa kugeuza joto kuwa umeme) ya 1.4 kwenye nyuzi 100. Antimoni hukalia viti vya teluri kwa urahisi zaidi, matundu hayaishi ovyo. Ukiona yanapungua, ongeza antimoni.

Mdadisi: Na magnesi-antimoni je, ambayo nayo hugeuza joto kuwa umeme, nisage hivyo hivyo?
— Hapo geuza fikra. Mipaka ya punje zake huwakwamisha elektroni sana karibu na joto la chumbani, kwa hiyo punje kubwa ndizo zinazolipa. Ioke muda mrefu zikue.

Tumbili: Mke wangu anasema nanuka kitunguu saumu wiki nzima, na sijala.
— Hiyo ni teluri, umeivuta. Vaa barakoa ya vumbi, na benchi ulipanguse kwa kitambaa chenye maji, usilifagie.