Hasira jukwaani ukiwa ugenini: lini maneno yanageuka kosa la kuchochea vurugu

Tarehe 22 Novemba 1992, Léon Mugesera, mwanasiasa wa MRND, chama cha rais wa Rwanda wa wakati huo, alihutubia mkutano wa wanachama huko Kabaya, kaskazini-magharibi mwa Rwanda. Alizungumzia kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo, maana yake wapelekwe na maji wakiwa maiti. Hotuba ilinaswa kwenye kanda. Mwaka uliofuata Mugesera alihamia Kanada na familia yake, akapata ukaazi wa kudumu na kufundisha chuo kikuu Quebec. Kanda ikamfuata huko. Juni 2005 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba afukuzwe nchini, Januari 2012 akasafirishwa hadi Kigali, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Wanadiaspora waishike sehemu moja ya uamuzi ule wa 2005. Majaji walisema haikuhitajika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyeuawa kwa sababu ya hotuba hiyo. Kuchochea mauaji ya kimbari hadharani ni kosa lililokamilika pale maneno yanapotamkwa kwa nia hiyo, hata kama wasikilizaji wangerudi nyumbani kimya.

Wengi wetu hatuna lolote linalofanana na ya Kabaya. Tulicho nacho ni hasira. Vijana walipigwa risasi Nairobi tarehe 25 Juni 2024 wakipinga mswada wa fedha. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wamehesabu misiba mingi mno. Watu hubeba mabango mbele ya ofisi za ubalozi London na Washington, wakashika kipaza sauti na sauti ikapanda. Hasira hiyo ni haki yako. Sitaki mtu yeyote anyamaze kwa kuogopa sheria ambayo haijamkataza kusema. Lakini mstari upo, na haupiti mahali pamoja kila nchi.

Mwaka 2012 wataalamu waliokutana chini ya Umoja wa Mataifa walitoa Mpango wa Rabat, wenye mambo sita ya kupima hotuba ya aina hii: mazingira ya wakati huo, hadhi ya msemaji, nia yake, maneno yenyewe na namna yalivyotolewa, yamefika kwa watu wangapi, na uwezekano wa madhara kutokea. Mpango huo si sheria ya nchi yoyote, ila ukiwa na haya sita kichwani utaelewa kwa nini maneno yaleyale yanaweza kupita katika mkutano wa Jumapili mchana na kumfunga mtu usiku ambao mtaa unawaka.

Marekani: uhuru mpana, lakini wa raia zaidi

Marekani ndiko mlango ulikoachwa wazi kuliko kote. Kesi inayotawala ni ya Brandenburg ya mwaka 1969, kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, huko Ohio aliyezungumzia kulipiza kisasi. Mahakama ya Juu ilifuta hatia yake. Ikasema serikali haiwezi kuadhibu hotuba ya kutetea vurugu mpaka iwe imelenga kuzusha uvunjaji wa sheria papo hapo, na iwe na uwezekano wa kweli wa kuuzusha. Vipengele vyote viwili lazima vitimie.

Kesi inayotufaa zaidi ni ya Charles Evers, kiongozi wa haki za raia Mississippi. Katika mgomo wa kususia maduka ya Wazungu ulioanza mwaka 1966, aliwaambia watu wake kwamba atakayeonekana akiingia maduka ya wabaguzi atavunjwa shingo. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliyalinda maneno hayo. Yalikuwa makali, lakini vurugu zilizotokea zilikuja wiki au miezi baadaye, na hakuna aliyeonyesha kwamba Evers aliziagiza. Kama umati ungetoka pale moja kwa moja ukaenda kuvunja mtu shingo, swali lingekuwa jingine.

Vitisho ni jambo tofauti. Ukimtaja mtu fulani na kumwambia utamdhuru, kigezo cha Brandenburg hakikuokoi. Katika kesi ya Counterman, 2023, Mahakama ilisema mwendesha mashtaka aonyeshe angalau kwamba msemaji alijua ipo hatari kubwa maneno yake yatachukuliwa kuwa tishio, akayasema hivyo hivyo.

Sasa upande ambao hotuba za majukwaani huwa zinausahau. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inaweza kumfungia mlango asiye raia aliyechochea ugaidi au kuuunga mkono hadharani, bila kwanza kupatikana na hatia mahakamani. Mwenye viza ya mwanafunzi au kadi ya kijani asijipime kwa kipimo cha raia aliyezaliwa Ohio.

Uingereza na Ulaya

Uingereza haisubiri "papo hapo". Chini ya sheria ya utulivu wa umma ya 1986, maneno ya kutisha, ya kudhalilisha au ya kutukana yakiwa na nia ya kuwasha chuki ya rangi, au yakielekea kuiwasha, yanatosha, na kifungo hufika miaka 7. Chuki ya rangi katika sheria hiyo inajumuisha utaifa na asili ya kikabila, na tangu 2001 kundi linalochukiwa si lazima liwe linaishi Uingereza. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu najua tunavyosemana. Anayekaa mji wa Reading, Uingereza, na kurusha matangazo mubashara akiwaita watu wa kabila fulani nyoka wa kuondolewa, amekwisha kuingia kwenye sheria ya Uingereza, hata kama kabila hilo lote liko Bonde la Ufa.

Julai 2024, baada ya watoto kuuawa Southport, mwanamke mmoja wa Northampton aliandika kwenye X akitaka wahamiaji wafukuzwe na hoteli zinazowahifadhi zichomwe, akisema yeye hajali. Alifuta chapisho kabla ya muda wa saa nne kupita. Lilikuwa limeonwa mara 310,000. Alifungwa miezi 31, na rufaa yake ikakataliwa 2025. Yeye ni raia. Mgeni anayehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi Uingereza hukabiliwa na kufukuzwa nchini kwa nguvu ya sheria, na vighairi ni vichache.

Ipo pia sheria ya zamani ya 1861 inayomshika anayeshawishi mtu auawe, popote duniani huyo mlengwa alipo. Kwa hiyo anayesema kutoka London kwamba waziri fulani wa Dodoma, Kampala au Kinshasa auawe, hana kinga ya umbali.

Ujerumani kifungu cha 130 cha kanuni ya adhabu kinatoa miezi 3 hadi miaka 5 kwa kuchochea chuki au vurugu dhidi ya kundi. Ubelgiji, mwaka 2000, jaji alitoa hati ya kumkamata Abdoulaye Yerodia Ndombasi kwa hotuba alizotoa Kongo Agosti 1998 dhidi ya Watutsi. Alinusurika kwa sababu tu alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Kongo wakati hati inatolewa, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema alikuwa na kinga. Wewe na mimi hatuna kinga hiyo.

Ghuba

Falme za Kiarabu, Julai 2024, Wabangladeshi 57 walihukumiwa kwa kuandamana mitaani dhidi ya serikali ya nchini kwao. Watatu walipewa kifungo cha maisha kwa kuchochea maandamano, wengine wengi miaka 10. Walisamehewa Septemba baada ya serikali ya kwao kubadilika. Huko hoja ya vurugu haikuhitajika sana. Mkusanyiko wenyewe ulikuwa kosa. Kwa hiyo ukiwa Dubai, Doha, Riyadh au Muscat, usichukue mwongozo wa mwanaharakati aliyeko Minnesota. Anaweza kurudi nyumbani jioni. Wewe huenda usirudi.

Nyumbani nako

Kenya ina sheria ya utangamano ya 2008, iliyotungwa baada ya damu ya uchaguzi wa 2007: faini hadi shilingi milioni moja, kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki ya kikabila. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza lakini kinautenga uchochezi wa vurugu. Kwingine, kosa linaloitwa uchochezi limetumika hata kwa ukosoaji wa kawaida wa serikali. Uganda mahakama ililifuta mwaka 2010. Tanzania bado limo kwenye sheria ya vyombo vya habari ya 2016. Kuwa salama kisheria Toronto hakukuhakikishii usalama uwanja wa ndege unaposhuka likizo.

Unapokuwa na kipaza sauti

Sema kilichotendwa, nani alitenda, na unadai nini: uchunguzi, kujiuzulu, kesi, vikwazo. Lia, paza sauti, laani. Hatari huanza unapotoa agizo la dhara, hasa likiwa na jina, mahali na wakati. Usisome anwani ya nyumba ya familia ya kiongozi. Mtu akipiga kelele "choma" katika umati wako, chukua kipaza sauti umkatae papo hapo, na hakikisha kukataa kwako kumerekodiwa. Mwandaaji aliyenyamaza huonekana amekubali.

Mafumbo hayafichi kitu. Katika kesi ya Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, mwaka 1998 mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ilisema maneno yapimwe kwa lugha na utamaduni wa waliosikia, na neno "inyenzi", yaani mende, lilifafanuliwa na mtaalamu wa lugha mbele ya majaji. Wakalimani wa Kiswahili, Kilingala na Kikuyu wapo kila mji mkubwa.

Kusambaza ujumbe wa mwenzako pia ni kitendo chako. Kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu wasiojuana linaweza kuhesabiwa kuwa hadhara.

Ukikamatwa, usijieleze barabarani. Uingereza unapewa wakili wa bure kituoni, pamoja na mkalimani. Mngoje wakili kabla ya kujibu chochote. Mkataba wa Vienna wa 1963 unakupa haki ya ubalozi wako kuarifiwa ukitaka, na kama ni serikali hiyo uliyokuwa ukiipinga, fikiri kwanza kabla ya kuomba. Ukishauriwa ukiri kosa dogo ili yaishe, uliza kwanza kibali chako kitakuwaje. Marekani, tangu kesi ya Padilla ya 2010, wakili wa kesi ya jinai anatakiwa kukueleza kama kukiri kunaweza kukufukuzisha nchini. Muulize hata kama hajalitaja mwenyewe, na usitie saini mpaka ajibu.