Makro ya Excel ifungue faili hata folda ikihama

Makro (amri zinazojiendesha ndani ya Excel) ya stoo yetu Kariakoo ilikuwa inagoma kila folda ikihamishwa kwa fleshi kwenda kompyuta ya Tegeta, maana njia ya faili iliandikwa nzima kuanzia C:\Users. Kufungua faili la bei.xlsx, andika hivi:

Workbooks.Open ThisWorkbook.Path & "\bei.xlsx"

ThisWorkbook.Path ni folda yenye faili la makro, kwa hiyo Excel inatafuta hapo hapo, iwe diski D au E. Mkwaju (alama ya \) kabla ya jina ni lazima. Bila huo jina la folda na la faili yanagandana. Ukiandika "bei.xlsx" tupu, Excel inatafuta kwenye folda inayotumika muda huo, mara nyingi Documents. ThisWorkbook.Path inagoma kama faili la makro halijaseviwa bado, kwani njia inakuwa tupu. Likifunguliwa toka OneDrive pia inasumbua: njia inaanza na https.