Safari ya kutwa kwa gari: anza kupanga kutoka mwisho

Wengi wakipanga safari ya kutwa huanza na swali la watatoka saa ngapi. Mimi huanza na saa ya kuzama jua kule niendako, kisha narudi nyuma. Tuseme mji wa pili uko kilomita 480 na programu ya ramani inasema saa 6. Hizo ni saa za gari lisilosimama. Weka na kujaza mafuta, chakula, kujinyoosha, foleni ya kutoka mji mmoja na ya kuingia mwingine, zitafika 8. Kama jua linazama saa 12:30 jioni na unataka kufika saa nzima kabla yake, basi saa 3:30 asubuhi ndiyo ya mwisho kuondoka. Ya mwisho, si ya kuanza kutafuta funguo. Angalia pia uelekeo wa barabara. Anayekwenda mashariki asubuhi au magharibi jioni hupigwa na jua la macho, na kioo chenye vumbi hulizidisha. Kifute hata kwa ndani.

Halafu kuna usingizi, ambao naogopa kuliko pancha. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa gari hukata mita 25 kila sekunde. Sinzia sekunde 4 tu, limekwenda mita 100 bila dereva. Kwa hiyo mizigo ifungwe mapema, ili usiku wa kuamkia safari uwe wa kulala. Panga kusimama robo saa kila baada ya saa 2, hata kama hujisikii kuchoka, na ujihadhari na alasiri, hasa saa 8 hadi 10, ambapo mwili hulegea wenyewe. Kufungua dirisha na kupandisha redio ni kujidanganya. Kahawa husaidia, ila huchukua kama nusu saa kufika kichwani. Inywe, uegeshe mahali salama, ulale dakika 15 au 20 huku ukiisubiri. Kama mtapokezana usukani, hakikisha bima inamkubali huyo dereva wa pili.

Gari lenyewe likaguliwe siku kadhaa kabla. Kasoro ikionekana asubuhi ya safari utaondoka nayo tu, maana watu wameshakaa ndani. Upepo wa matairi upimwe yakiwa yamepoa. Kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko, aghalabu kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au kwenye kitabu cha gari. Ile namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, ingawa wengi hujaza kwa kuifuata hiyo. Gari lililojaa watu na mizigo mara nyingi lina kipimo chake tofauti. Spea nayo ipimwe, hiyo ndiyo husahaulika. Ikiwa ni ile nyembamba, kwa kawaida mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, na hapo hesabu yako ya saa imeharibika. Jeki na spana viwepo, na kama nati moja ya gurudumu ina kufuli, ujue ufunguo wake uko wapi. Oili, taa, breki, waipa. Maji ya rejeta yatazamwe injini ikiwa baridi, kwani mfuniko ukifunguliwa wa moto maji yanaruka na kuunguza.

Mizigo mizito ikae chini, ikiegemea viti, na juu ya ubao wa dirisha la nyuma pasiwe na kitu, kwa sababu breki ya ghafla hukirusha kichwani kwa mtu. Pembetatu ya tahadhari, tochi na maji ya kunywa visizikwe chini ya masanduku.

Ramani ipakuliwe kwenye simu kabla ya kutoka, mtandao hukatika katikati ya njia. Mafuta yaongezwe tanki likifika nusu, si taa ikiwaka. Na mtu mmoja kule unakokwenda ajue njia utakayopita na saa unayotarajiwa, pamoja na saa ambayo akiona kimya aanze kupiga simu.