Somo: Kuipima bei ya fundi wa rangi na vigae kabla hujatoa advansi

Fundi amezunguka sebule dakika tano, amegonga ukuta mara mbili, kisha anasema: "Laki nane bosi, nakumalizia kila kitu." Huwezi kusema ni ghali wala ni rahisi, kwa sababu hujui hiyo laki nane imebeba nini. Somo hili linahusu kuifungua namba ya namna hiyo. Unahitaji futikamba, kalamu na nusu saa. Mfano wetu ni sebule ya mita 4 kwa 5, urefu wa ukuta mita 3, mlango mmoja na madirisha mawili, nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Pima mwenyewe kabla fundi hajafika

Zungusha futikamba chumba kizima: 4+5+4+5 ni mita 18. Zidisha kwa urefu wa mita 3, unapata mita za mraba 54. Mlango wa 0.9 kwa 2.1 ni 1.89. Madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.5 ni 4.5. Toa vyote, inabaki 47.6, tuiite 48. Sakafu na dari ni 20 kila kimoja.

Mafundi wengi hawatoi milango na madirisha kwenye hesabu ya ufundi, na hapo wana hoja: kuzunguka fremu kwa brashi, kubandika gazeti na kunyoosha kona za dirisha kunakula muda kuliko ukuta mtupu. Kwenye ufundi mwachie. Kwenye vifaa usimwachie, dirisha halinywi rangi.

Hatua ya 2: Tenganisha vifaa na ufundi

Mwombe aandike karatasi yenye sehemu mbili. Vifaa viandikwe kwa jina, aina, ukubwa wa ndoo au mfuko, na idadi. Ufundi uandikwe kwa kazi: kubandua rangi ya zamani, puti mikono miwili (tabaka mbili za kulainisha ukuta), msasa, praima (koti ya chini kabla ya rangi), rangi koti mbili. Fundi anayekataa kabisa kuandika, achana naye. Asiyejua kuandika vizuri ni jambo jingine, mwandikie wewe huku anakutajia.

Vifaa vya kazi vyake haviingii kwenye bili yako. Grainda, pima maji, rula ya alumini, ngazi na mwiko ni mali ya fundi. Vinavyokwisha ndivyo unavyonunua: msasa, rola, brashi, gazeti na masikinteipu, diski ya kukatia vigae.

Hatua ya 3: Hesabu ya rangi, hapa ndipo pesa nyingi inapopotelea

Rangi ya maji kwenye ukuta uliolainishwa, lita moja inafunika takribani mita za mraba 10 kwa koti moja. Makopo mengine yanaandika 12 au zaidi, lakini hesabu kwa 10. Ukuta wetu wa 48, koti mbili, ni 96. Hiyo ni lita 10 hivi. Ndoo ya lita 20 ingetosha sebule hii mara mbili. Kwa hiyo ukiletewa karatasi yenye ndoo mbili za lita 20 kwa chumba kimoja, uliza nyingine inakwenda nyumba gani.

Praima ni koti moja, na ukuta mkavu unainywa zaidi, hesabu mita 8 kwa lita. 48 gawa kwa 8 ni lita 6, yaani galoni mbili za lita 4 na kinabaki kidogo.

Puti ya unga, mikono miwili, inakula kilo 1 hadi 1.5 kwa kila mita ya mraba, kutegemea lipu ilivyonyooka. 48 mara 1.5 ni kilo 72: mifuko mitatu ya kilo 25. Ukuta wenye mabonde utataka zaidi, lakini fundi akuonyeshe hayo mabonde. Weka rula ya alumini ya mita 2 ukutani, washa tochi ya simu upande mmoja wa rula, tazama mwanga unapopenya. Mwanga ukipita mwembamba kama wembe, mifuko mitatu inatosha. Ukiweza kupitisha kidole, hiyo ni kazi ya kurudia lipu, na kuziba kwa puti nene kutapasuka.

Angalia pia aina ya puti. Ya jipsamu ni ya ndani tu, nje mvua ya masika mmoja inailainisha na kuibandua pamoja na rangi. Nje ni puti ya saruji nyeupe. Karatasi nyingi zinaandika "puti" tu, na ya jipsamu huwa ndiyo nafuu, kwa hiyo fundi wa bei ya chini anaweza kuwa ameweka hiyo kwenye ukuta wa nje bila kukuambia.

Hatua ya 4: Hesabu ya ufundi kwa siku

Usipambane na bei ya mita ya mraba kwanza. Hesabu siku. Sebule yetu, fundi mmoja na saidia fundi: siku ya kwanza kukwangua na puti mkono wa kwanza, siku ya pili mkono wa pili, siku ya tatu msasa, kufuta vumbi na praima, siku ya nne rangi koti mbili. Siku nne, ukuta ukiwa mzima.

Sasa weka posho ya siku ya mtaa wako. Tuseme fundi ni 40,000 na saidia 20,000, jumla 60,000. Siku nne ni 240,000, sawa na 5,000 kwa mita ya mraba. Anayechukua kazi kwa mkataba anabeba hatari ya kazi kuchelewa, kwa hiyo akiongeza asilimia 20 hadi 30 hajakudhulumu. Hapo unafika 310,000 hivi. Akitaka 450,000, aseme sababu: dari ndefu, rangi ya zamani ya mafuta ya kukwanguliwa yote, au rangi mbili tofauti zenye mstari. Zote ni sababu halali kama zipo kweli. Na akitaka 120,000 kwa kazi hiyohiyo, jua ameshapunguza siku. Kinachoachwa kwanza ni msasa, kisha praima.

Hatua ya 5: Vigae

Sakafu ya mita za mraba 20. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 ni mita za mraba 0.36, kwa hiyo vigae 56, ongeza asilimia 10 za kukata na kuvunjika, 62. Skating, ule ukanda wa vigae chini ya ukuta: mzunguko 18 toa mlango, mita 17.1. Kigae kimoja kinakatwa vipande sita vya sentimita 9.5 hivi (diski inakula kidogo), unahitaji vipande 29, yaani vigae 5, chukua 6. Jumla 68. Boksi la vigae vinne, maboksi 17. Maboksi mengine yana idadi tofauti, soma ubavuni.

Kabla hujabeba, linganisha namba ya toleo na ya kivuli kwenye kila boksi. Maboksi mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana rangi kidogo, na tofauti hiyo huioni dukani. Utaiona jioni, taa ikiwaka.

Kubandika kuna njia mbili, na bei zake hazifanani. Kwa saruji na mchanga, tabaka la sentimita 3 kwa uwiano wa 1 kwa 4, sakafu hii inataka mifuko 5 ya saruji ya kilo 50 na mchanga kama ndoo 31 za lita 20. Kwa gundi ya vigae, juu ya sakafu iliyonyooka, hesabu kilo 5 kwa mita: kilo 100. Grauti, ile ya kuziba mifereji kati ya vigae, kwa mfereji wa milimita 3 ni kilo 3 tu. Ukiona kilo 10 za grauti kwenye karatasi ya sebule, mtu amekadiria kwa macho.

Njia ipi inategemea kigae. Dondoshea maji kidogo mgongoni. Yakinyonywa, ni cha udongo wa kawaida, saruji itakishika vizuri kikilowekwa kwanza. Yakibaki juu kama tone kwenye jani la mgomba, ni poselini, na saruji tupu haitakishika vizuri, kinaweza kuachia. Hapo fundi anayeandika gundi amekupa bei kubwa zaidi lakini sahihi.

Ufundi, tumia hesabu ileile ya siku. Fundi na saidia wake wanalaza mita 12 hadi 15 za 60 kwa 60 kwa siku, kisha skating na grauti. Sebule hii ni siku tatu. Kubomoa vigae vya zamani na kutoa kifusi ni mstari wake peke yake, usikubali iwe "humohumo", kwa sababu siku ya kifusi ndipo ugomvi unapoanza.

Hatua ya 6: Malipo

Vifaa nunua mwenyewe, au nenda na fundi dukani. Cha juu kipo, tusidanganyane. Fundi anayekung'ang'aniza duka moja mara nyingi ana chake pale, na njia ya kukipunguza ni kupiga simu maduka mawili mengine ukiwa na orodha ileile. Ufundi lipa kwa hatua: asilimia 30 puti na msasa vikiisha, 40 baada ya koti ya kwanza, 30 mwisho. Kama amesafiri na hana nauli, mpe ya nauli na chakula, ikatwe kwenye hatua ya kwanza.

Maswali ya wanachama

Tabata: Nimeletewa bei tatu za ufundi kwa vyumba viwili vilevile: laki 3, laki 5 na laki 9. Nichukue ya katikati?

Hapana, usichague kwa nafasi. Waulize wote mambo yaleyale: puti mikono mingapi, praima ipo, rangi koti ngapi, dari imo, nani anatoa uchafu. Mara nyingi utakuta wa laki 3 hajaweka puti kabisa na wa laki 9 ameweka dari na fremu za milango. Wakishakuwa kwenye kazi moja, pengo hupungua sana. Likibaki kubwa, rudi Hatua ya 4 uhesabu siku.

Kigamboni: Lipu ina wiki mbili. Fundi anasema rangi yake ni ya kisasa, haihitaji praima, na tunaokoa laki moja.

Lipu mpya subiri siku 28. Saruji mbichi ina alkali inayokula rangi, na maji yaliyomo yanatafuta pa kutokea. Jaribu hivi: bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote nne kwa teipu, kiache saa 24. Ukikuta jasho ndani ya nailoni, ukuta haujakauka. Ukikauka, piga praima inayostahimili alkali. Hiyo laki moja utailipa mara tatu ukikwangua upya.

Mombasa: Ukuta wa chini unatoa unga mweupe. Fundi ameleta bei ya rangi ya mafuta, anasema itaizuia chumvi.

Bei inaweza kuwa halali, dawa siyo. Chumvi inaletwa na maji yanayopanda kutoka chini, au mchanga wa baharini uliotumika kwenye lipu. Rangi ya mafuta inafunga ukuta, maji yanasukuma kutoka nyuma, unapata malengelenge. Bei inayofaa kuijadili ni ya kutafuta chanzo cha maji, kubandua lipu yenye chumvi hadi juu ya alama ya unyevu, kupiga lipu mpya ya mchanga wa mto, kusubiri ikauke, kisha rangi ya maji inayopumua. Inakuwa ghali zaidi, ndiyo maana wengi hawaitaji.

Mwanza: Kazi imefika katikati, fundi anasema rangi imeisha, anataka ndoo nyingine. Nitajuaje kama kweli imeisha?

Kwanza hesabu ndoo tupu, zikae kwako hadi mwisho wa kazi. Pili pima eneo lililokwisha pakwa, zidisha kwa idadi ya koti, gawa kwa 10. Ikiwa lita zilizokwisha zinazidi hapo kwa robo au zaidi, kuna shida: ukuta haukupigwa praima na unainywa rangi, au ndoo imetembea. Kinyume chake pia kinakuja. Eneo kubwa limepakwa kwa rangi kidogo, maana yake imechanganywa maji kupita kiasi. Koti ya kwanza inakubali maji asilimia 10 hadi 20, fuata kopo. Pitisha kiganja ukutani rangi ikishakauka siku chache, kikitoka na unga kama chaki, usilipe hatua inayofuata.

Goba: Fundi ameongeza VAT ya asilimia 18 kwenye ufundi. Ni sawa?

Anayeruhusiwa kuitoza ni aliyesajiliwa kwa VAT, naye anakupa risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) inayoionyesha. Hana risiti hiyo, futa mstari.

Mbezi: Vigae vimeshalazwa, grauti bado. Nikague nini kabla sijamalizia hela?

Chukua sarafu, gonga kila kigae kwenye kona nne na katikati. Kinacholia tupu kimebandikwa kwa matonge, chini kuna hewa, na kitapasuka siku utakapoangusha sufuria au kusogeza friji. Tia alama kwa chaki. Weka rula ya mita 2 sakafuni, pengo lisizidi milimita 3. Mwaga kikombe cha maji karibu na mlango wa choo kama kipo, uone yanakwenda wapi. Vyenye alama ving'olewe sasa. Grauti ikishaingia, kila kigae utakachong'oa kitavunja cha jirani.