SOMO: Kuandaa gemu ulizonunua mtandaoni zifunguke hata intaneti ikikata

Wakuu, salaam.

Swali hili nimeulizwa mpaka nimechoka: "Mkuu, gemu nimeilipia kwa hela yangu, leo intaneti hakuna, inagoma kufunguka. Nifanyeje?" Kuanzia sasa atakayeniuliza nitamwelekeza hapa. Tafadhali soma lote kabla hujaandika swali.

Kwanza tujue tunachonunua. Ukilipia gemu kidijitali unapata leseni ya kuicheza, na leseni hiyo inakaguliwa. Jimbo la California lina sheria iliyoanza kutumika Januari 2025 inayoyataka maduka yamwambie mteja hivyo waziwazi, na Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, walianza kuonyesha tangazo hilo tangu Oktoba 2024. Kinachoniuma ni kwamba kufuli hizi za kukagua leseni zinawekwa kwa ajili ya mwizi, halafu mwizi hakutani nazo. Anayecheza nakala iliyovunjwa hasumbuliwi na seva za kampuni wala kuomba ruhusa. Anayesumbuka ni wewe uliyelipa, upo Mbagala saa nne usiku, bando limekata.

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Bongo tulibaki na intaneti ya kubahatisha. Mwenye gemu zilizoandaliwa alicheza kama kawaida. Ambaye hakuandaa alikaa anaangalia duara linazunguka.

HATUA YA 1: Kagua kufuli kabla ya kulipa

Kwenye ukurasa wa gemu ndani ya Steam, tazama safu ya kulia. Kama kuna ulinzi wa kampuni nyingine, kisanduku kinautaja kwa jina: Denuvo, au akaunti ya duka jingine. Usipoelewa, tafuta jina la gemu kwenye tovuti ya PCGamingWiki, wameandika aina ya kufuli kwa kila toleo na kila duka.

Gemu inayotaka seva muda wote haina dawa, hata ukiwa unacheza peke yako. The Crew ya Ubisoft ilitoka 2014, seva zikazimwa Machi 31, 2024, na gemu yote ikafa, nakala za diski zikiwemo. Halafu usidanganyike kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo. SimCity ilitoka 2013 ikidai intaneti kila dakika, na 2014 walewale waliotuambia ni lazima wakaitolea toleo la kucheza bila mtandao.

HATUA YA 2: Ikiwepo GOG, inunue GOG

Hawa ni duka jingine la mtandaoni, wanauza gemu zisizo na kufuli. Unashusha faili za kusakinisha, unaziweka kwenye hadi diski, basi. Utazisakinisha hata miaka kumi ijayo bila kuomba ruhusa ya mtu.

HATUA YA 3: Shusha gemu pamoja na apdeti zake zote, zimalizike.

HATUA YA 4: Fungua kila gemu mara moja ukiwa na intaneti. Ingia mpaka uanze kucheza, usiishie kwenye menyu.

HATUA YA 5: Washa hali ya nje ya mtandao mapema

Unapoingia Steam, weka alama ya kukumbuka akaunti kwenye kompyuta hiyo. Kisha bofya menyu ya juu kushoto, chagua "Go Offline". Izime Steam, iwashe tena, zima Wi-Fi, jaribu kufungua gemu. Ikifunguka, uko salama. Zingatia: ruta ikiwaka lakini bando halipo, Steam inaweza kukaa muda mrefu ikitafuta seva kwa sababu inaona mtandao upo. Zima Wi-Fi kabisa kwenye kompyuta.

HATUA YA 6: Gemu yenye Denuvo, usiiguse mashine baada ya hapo

Hapa ndipo palinikwamisha, na ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu.

Denuvo inatoka Austria, na tangu 2018 iko chini ya Irdeto. Ukifungua gemu mara ya kwanza inasoma alama za kompyuta yako, inazituma kwenye seva, inarudishiwa tiketi inayoikubali kompyuta hiyo tu. Tiketi ikishakaa, unacheza bila intaneti. Alama zikibadilika, tiketi inakataliwa na gemu inadai nyingine mtandaoni. Mimi laptopu yangu ilipigwa Windows upya kabla ya likizo. Gemu zilikuwa drive D, hazikuguswa. Steam ilizitambua zote, zikaonekana ziko tayari. Nikasafiri nazo kijijini, na kule hakuna mtandao wa maana, hata moja yenye Denuvo haikufunguka mpaka niliporudi Dar. Hakukuwa na faili iliyopotea. Ile tiketi ilikuwa ya Windows iliyofutwa.

Kwa hiyo:

Fundi akikupigia Windows, rudia hatua ya 4 kabla hujazima intaneti. Kila gemu, si ile unayoipenda tu.

Apdeti ya gemu ikiingia, ifungue tena ukiwa mtandaoni. Toleo jipya linaweza kudai tiketi mpya.

Ukibadilisha prosesa au mazabodi, hesabu kwamba una kompyuta mpya.

Na USIJARIBU-JARIBU. Gemu nyingi za Denuvo zinaruhusu kompyuta 5 tofauti ndani ya saa 24. Ukizidisha, unafungiwa mpaka muda upite, na hakuna wa kumpigia simu akakufungulia usiku huo.

HATUA YA 7: Kwa wenye PlayStation na Xbox

PS4: iweke kuwa konsoli kuu ya akaunti yako. PS5: washa kushiriki konsoli na kucheza nje ya mtandao, ipo kwenye mipangilio ya akaunti. Xbox: iweke kuwa Xbox ya nyumbani, na kumbuka unaruhusiwa kuibadilisha mara 5 tu kwa mwaka.

Maswali karibuni.

---

KijanaWaSinza: Mkuu maneno mengi, tupe kraki tu.

Mwandishi: Sitoi vya kuvunja kufuli. Somo ni la waliolipa.

Tegeta_Kwetu: Steam yangu inadai niingie upya na hapa intaneti hakuna. Nafanyaje?

Mwandishi: Hatua ya 5, na inafanywa kabla intaneti haijakata. Sasa hivi washa hotspoti ya simu, ingia, fungua gemu, kisha zima. Kuingia tu hakuli bando. Ila simamisha ushushaji wa apdeti kwanza, zisije zikamaliza MB zako.

Tegeta_Kwetu: Imekubali. Sasa mbona gemu nyingine inafunguka hata nikizima Steam kabisa?

Mwandishi: Umeona kitu kizuri. Steam haimlazimishi mtengenezaji kuweka kufuli. Wapo wanaoitumia kama duka la kushushia tu, na gemu za namna hiyo unazifungua moja kwa moja kwenye folda yake. Zinakili kwenye hadi diski uzitunze. PCGamingWiki watakuambia ni zipi.

BintiKigamboni: Asante kwa somo. Mimi natumia Linux. Nilibadilisha matoleo ya Proton (ile programu ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux) nikitafuta lipi halikwami, ghafla nikaambiwa nimefikisha kikomo cha kompyuta. Kompyuta ni hii hii moja, sijaigusa. Kwa nini inahesabu hivyo?

Mwandishi: Dada, swali lako ni zuri kuliko yote niliyoulizwa juu ya jambo hili. Denuvo haina macho ya kuiona mashine yako, inasoma majibu inayopewa na mfumo. Kwenye Windows anayejibu ni Windows. Kwenye Linux anayejibu ni Proton, kwa sababu yeye ndiye anayejifanya Windows mbele ya gemu. Ukibadilisha toleo la Proton, majibu yanabadilika, na seva inaona mgeni. Kila toleo ulilojaribu limehesabiwa kompyuta mpya. Subiri saa 24, chagua toleo moja, kaa nalo. Ukitaka kujaribu matoleo, tumia gemu isiyo na Denuvo, au soma kwanza kwenye tovuti ya ProtonDB wenzako wametumia lipi.

BintiKigamboni: Kumbe! Basi nilijifungia mwenyewe kwa kuhangaika. Nashukuru sana, nitasubiri.

Mwandishi: Hukufanya kosa, dada. Kujaribu matoleo ndiyo njia ya kawaida ya kutatua tatizo kwenye Linux. Kufuli ndiyo inayoadhibu jambo la kawaida.

Mdau wa Haki: Mtoa mada unawalaumu watengenezaji bure. Wameweka mamilioni ya dola, wana haki ya kulinda kazi yao. Unawapa wezi moyo.

Mwandishi: Soma jibu la kwanza pale juu nililompa aliyeomba kraki, kisha uniambie nampa nani moyo. Haki ya kulinda kazi wanayo. Na mimi niliyelipa nina haki ya kucheza nilicholipia. CD Projekt wanauza gemu yao The Witcher 3 kwenye GOG bila kufuli tangu siku ilipotoka 2015, na kufikia 2023 walitangaza imepita nakala milioni 50 kwa maduka na mashine zote. Gemu nzuri watu wanainunua.

Mdau wa Haki: Sawa, hapo umenipa la kufikiria.

Mzee wa Buguruni: Mimi desktop yangu umeme ukikatika na kurudi, lancha zote (Steam na programu nyingine za kufungulia gemu) zinasema hazioni mtandao, wakati YouTube kwenye simu inacheza. Ni Denuvo?

Mwandishi: Shikamoo mzee. Hapana, siyo Denuvo. Tazama tarehe kwenye kona ya kulia chini. Bila shaka imerudi miaka ya nyuma. Lancha inapozungumza na seva inakagua vyeti vya usalama, na tarehe ikiwa ya zamani vyeti vinaonekana batili, inakataa. Ni betri ndogo ya kwenye mazabodi imekufa, inaitwa CR2032. Maduka ya saa na vifaa vya umeme wanayo. Ibadilishe, rekebisha tarehe.

Mzee wa Buguruni: Marahaba. Inaandika 2011! Kesho napita Kariakoo.

Dogo_Makumbusho: Nimenunua PS4 used, muuzaji aliniambia ina gemu 12 ndani. Jana nimeunganisha intaneti, zote zimeweka alama ya kufuli. Nimetapeliwa?

Mwandishi: Gemu zile ni za akaunti ya mtu mwingine. Konsoli ilikuwa kuu ya akaunti hiyo, mwenyewe akaiondoa, leseni zimekwenda naye. Mrudie muuzaji akurudishie tofauti ya bei. Siku nyingine hesabu bei ya mashine tupu.

Dogo_Makumbusho: Na mimi nikija kuiuza yangu?

Mwandishi: Zima hali ya konsoli kuu kwenye konsoli yenyewe kabla hujaitoa mkononi. Ukisahau, unaweza kuziondoa konsoli zote za akaunti yako kupitia tovuti, lakini ni mara moja tu kwa miezi 6.

Kimara_Mwisho: Nje ya mada kidogo. Gemu ni GB 80, rafiki yangu anayo kwenye laptopu yake na mimi nimeshainunua. Lazima niishushe upya?

Mwandishi: Hapana. Tangu 2023 Steam inahamisha gemu kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye Wi-Fi moja. Wote muwe mmeingia kwenye akaunti zenu, kwenye mipangilio ya ushushaji aruhusu marafiki, kisha wewe bonyeza kusakinisha kama kawaida. Data inatoka kwake. Intaneti itahitajika kidogo kwa ukaguzi.

Kimara_Mwisho: Na ya GOG? Nimeweka faili kwenye flashi inasema faili ni kubwa mno, na nafasi ipo tele.

BintiKigamboni: Hilo nalijua. Flashi yako ni FAT32, haipokei faili moja inayofika GB 4. Hamisha vilivyomo, ifomati iwe exFAT, rudia kunakili.