Kubadilisha vibao vya migunga kitaluni

Mteja alipiga simu akitaka miche ya Senegalia senegal. Nikamjibu hatuna. Nyuma yangu palikuwa na viriba sitini vyenye kibao cha Acacia senegal, mti uleule kwa jina la zamani! Migunga yetu iliyoitwa Acacia sasa imegawanywa, mingi ikawa Vachellia au Senegalia. Jioni hiyo nilianza kuandika vibao upya.

Anzia kwenye mti uliochumia mbegu. Kwa kawaida, maua yakiwa duara kama vipira, andika Vachellia. Yakiwa marefu kama suke, andika Senegalia. Kama hukuona maua, shika mche utazame miiba: ya Vachellia imenyooka na huota miwili miwili, ya Senegalia ni kulabu. Kikwata cha gundi, yaani Senegalia senegal, kina kulabu tatu pamoja, ya kati imepinda kushuka, za pembeni zimepinda kupanda. Acacia tortilis ndiyo hutuchanganya, maana tawi moja lina miiba mirefu myeupe na vikulabu vifupi humo humo. Hapo yaamini maua. Ni vipira, basi ni Vachellia tortilis. Faidherbia albida iweke kando, ilishatengwa na wenzake zamani. Huujui? Ndio ule unaopukutisha majani wakati wa mvua.

Wateja watakuuliza kwa nini. Waambie DNA ilionyesha kuwa Acacia lilikuwa kapu la miti isiyo ya ukoo mmoja, ikabidi ligawanywe. Kwa kawaida jina hubaki na kundi lenye spishi ya kielelezo, yaani ile ambayo jina limefungwa kwake, na kielelezo kilikuwa Acacia nilotica, mgunga wa huku Afrika. Lakini Australia ina spishi karibu 1,000, na karibu zote zingelazimika kubadilishwa jina. Mkutano wa wataalamu wa mimea wa dunia huko Vienna mwaka 2005 ukahamishia kielelezo kwao, na ule wa Melbourne wa 2011 haukurudi nyuma. Mimi naona tulinyang'anywa, ila orodha za mbegu zimeshafuata, nami nauza miche.

Kwa kibao, kata kopo la soda uandike kwa kalamu ya wino ukikandamiza. Wino utafutika, mkwaruzo utabaki. Mstari wa kwanza Kikwata, wa pili Senegalia senegal, wa tatu "zamani Acacia senegal", kwa ajili ya wenye vitabu vya zamani. Usiishie kwenye Kikwata, kwa sababu Senegalia mellifera nayo huitwa hivyo hivyo. Kisha kifunge kwenye kijiti, si kwenye shina, maana likinenepa waya utalikaba.