Mzazi anayeomba mto wa tatu: jinsi ya kutambua ugonjwa wa moyo baada ya kujifungua

Mzazi akisema amechoka, kila mtu nyumbani ana jibu: ni uzazi huo, mtoto hamwachi alale. Mara nyingi ni kweli. Lakini upo ugonjwa wa moyo unaompata mwanamke kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi takribani miezi mitano baada ya kujifungua, hata kama hajawahi kuugua moyo. Msuli wa moyo unalegea, damu haisukumwi vizuri, na maji yanajaa kwenye mapafu na miguu. Walio hatarini zaidi ni waliopata presha au kifafa cha mimba, waliojifungua mapacha na waliovuka miaka 30, ila hata binti wa miaka 20 anaweza kuupata.

Ndani ya arobaini mzazi hapandi ngazi wala habebi ndoo, kwa hiyo moyo dhaifu unaweza kujificha. Mtazame anavyolala. Anaanza na mto mmoja, siku chache baadaye anaomba wa pili, kisha wa tatu. Akilala chali anapata kikohozi kikavu. Saa moja au mbili baada ya kusinzia anashtuka akihema, anakaa ukingoni mwa kitanda miguu chini, au anakwenda kufungua dirisha apate hewa. Uchovu wa kunyonyesha hauko hivyo: aliyechoka tu, mwondolee mtoto, atalala.

Kisha shika miguu. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, vidole vinne juu ya kifundo, ukihesabu mpaka 10. Ukiachia pakabaki shimo, ni maji. Siku za mwanzo baada ya kujifungua uvimbe ni wa kawaida, nao hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Unaozidi kupanda baada ya hapo si wa kawaida. Kama kuna mizani, apimwe kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai: kuongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 ni maji, si supu.

Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia, bila kumwambia, maana mtu akijua anahesabiwa hubadilisha upumuaji. Kawaida ni 12 hadi 20. Zikifika 30, au mapigo ya moyo yakizidi 120 akiwa amekaa tu, au akishindwa kumaliza sentensi, akazimia, midomo ikabadilika rangi au akakohoa povu la waridi, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo pumzi ikikatika ghafla na mguu mmoja umevimba na kuuma: huenda ni damu iliyoganda. Garini asilazwe, akae wima.

Hospitalini sentensi ya kwanza iwe: "Nimejifungua wiki sita zilizopita na siwezi kulala chali." Bila hiyo, ni rahisi kutibiwa nimonia au malaria. Kosa linalotuuma zaidi ni dripu. Mzazi anaonekana dhaifu, anaongezewa maji "apate nguvu", na moyo ulioshindwa kusukuma yaliyopo unazidiwa. Ombeni mapafu yasikilizwe kwanza. Upungufu wa damu nao huleta kuhema, kwa hiyo upimwe, lakini vidonge vya kuongeza damu visiwe mwisho wa safari kwa asiyeweza kulala chali.

Kipimo kinachokata shauri ni ultrasound ya moyo, yaani eko. Hupatikana hospitali za rufaa kama Bugando na KCMC, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Muulize daktari moyo unasukuma asilimia ngapi ya damu iliyomo ndani yake kwa kila pigo: chini ya 45, bila sababu nyingine, ndio ugonjwa wenyewe. Mwambie pia kama unanyonyesha, ili achague dawa zinazofaa.

Wengi hupona ndani ya miezi kadhaa, na hapo ndipo wanapoacha dawa kwa sababu wanajisikia vizuri. Usiache mpaka daktari aseme. Na usishike mimba nyingine kabla ya eko kurudiwa, kwani moyo uliobaki dhaifu unaweza kushindwa kabisa. Anza uzazi wa mpango mapema, ukitaja ugonjwa wako: vidonge vyenye homoni ya estrojeni havikufai, ila kitanzi au kipandikizi kwa kawaida hufaa.